Treni tupu za Kalemie: kazi ambayo abiria hakuiona

Bukavu haina reli, na Miti haina. Lakini katika vijiji vyetu bado wako wazee waliokula mkate wa reli kule Tanganyika. Mmoja wao anakumbuka miaka yake kwenye njia za pembeni za kituo cha Kalemie, mahali treni za abiria zililala tupu, na usiku mmoja ambapo neno « tupu » lilimponza.

Pale Miti, penye barabara inagawanyika, moja kuendelea Kavumu na Goma, nyingine kupanda Tshivanga kuelekea Bunyakiri na Hombo, vijana wa mabasi wamezoea kunitania. Wanajua nilifanya kazi ya reli miaka mingi. Siku moja konvoyeri mmoja aliniuliza:

— Muzee, weye ulikuwa unatembeza treni ya namna gani?

— Treni tupu.

— Tupu vipi?

— Tupu. Hakuna mutu ndani.

— Sasa pesa ya safari mulikuwa munalipisha nani?

Wote wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Ni kweli, ukiisikia haraka ni kazi ya wazimu: mabehewa manane yenye viti vya watu mia kadhaa, yanakwenda na kurudi usiku, na ndani hakuna hata kuku. Lakini nikiwaangalia vijana hawa jioni, wanapoacha basi kwenye mteremko na kutupa jiwe moja chini ya gurudumu, moyo wangu unarudi Kalemie. Ndiyo maana nimeona heri niandike.

Mtu wa Bushi kwenye reli

Kwetu reli ilikuwa kitu cha kusikia tu. Wabelgiji walijenga moja fupi katika bonde la Ruzizi, kutoka Kalundu kule Uvira mpaka Kamanyola, kama kilomita 90. Hapo ikakuta mlima, ikaishia. Kutoka Kamanyola mpaka Bukavu mizigo ilipanda kwa lori, kwa ile njia ya Ngomo ambayo madereva wetu wanaijua hata wakifumba macho. Reli ile ilifungwa kabla ya uhuru. Mimi sikuiona. Baba yangu ndiye alituhadithia.

Niliona treni kwa mara ya kwanza mwaka 1975, nikiwa na miaka 19. Nilishuka Uvira kwa lori, nikapanda mashua Kalundu, nikafika Kalemie kwa mjomba wangu aliyekuwa anafanya kazi bandarini. Nilikwenda kutafuta kazi ya kubeba magunia. Juma la pili mjomba akaniambia kwamba kituoni wanatafuta vijana wenye macho mazuri na wasioogopa usiku. Nikaandikwa. Toka siku ile, watu wa kituo hawakuniita tena kwa jina. Waliniita Mushi.

Reli ya Kalemie ni ya zamani. Kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902 na watu wa Baron Empain, ilitaka kuunganisha mto Kongo na maziwa makubwa: mahali mto unapitika, meli, mahali maporomoko yanazuia, treni. Kipande cha Kabalo mpaka Tanganyika, kilomita 273, kilifika ziwani mwaka 1915, katikati ya vita kuu ya kwanza, wakati mji ungali unaitwa Albertville. Mwanzoni vyuma viwili vya reli viliachana kwa mita 1. Katikati ya miaka ya 1950 vikapanuliwa mpaka mita 1 na milimita 67, vilingane na reli ya Katanga, na mwaka 1956 Kabalo ikaunganishwa na Kamina. Basi mtu akaweza kupanda treni Kalemie na kushuka Lubumbashi. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, reli ilibaki ya mita 1. Ndiyo sababu kila gunia lililovuka ziwa lilishushwa kwa mikono na kupakiwa tena kwa mikono.

Abiria wakishashuka

Abiria anajua treni tangu anapopanda mpaka anaposhuka. Akishachukua mizigo yake, kwake treni imekwisha. Kwetu ndipo ilikuwa inaanza.

Treni ya watu ilikuwa inafika ikiwa imechoka, mara nyingi jioni au usiku, tena kwa kuchelewa. Watu wanashuka na magunia ya mihogo, mbuzi, vitanda, watoto. Hiyo peke yake ni saa nzima. Halafu lokomotive ya safari inakatwa na kwenda kupumzika. Inakuja mashini ndogo ya kituo, inashikishwa upande wa pili, na kazi yetu ni kuondoa mabehewa pale mbele ya kituo na kuyapeleka kwenye njia za pembeni, mahali tulipoyalaza siku mbili au tatu mpaka safari nyingine.

Kushikisha mabehewa ni kazi ya kuingia katikati ya vyuma. Unasubiri vitulie kabisa, unaingia umeinama, unafunga ndoana, unaunganisha mipira ya hewa, unatoka upande ule ule ulioingilia. Kapita wetu, mzee mmoja mfupi mwenye sauti ndogo, alitufundisha jambo moja kabla ya yote: usiingie mpaka dereva amekuona na umemuona. Nilikuta watu wa zamani kituoni wenye vidole vitatu. Hakuna aliyehitaji kueleza sababu.

Halafu kusukuma. Mashini iko nyuma, mabehewa manane yako mbele yake, dereva haoni kitu. Macho yake ni mtu mmoja aliyesimama kwenye mlango wa behewa la mbele kabisa, na taa mkononi. Taa ikionekana, dereva anaendelea polepole, mwendo wa mtu anayetembea. Taa ikipotea machoni pake, anasimama hapo hapo, hata kama hajui kuna nini. Labda mtu wa taa ameanguka. Labda ni moshi tu. Atauliza akishasimama. Mimi nilishika taa ile miaka mingi. Gizani ilibidi kuangalia kama njia imegeuzwa sawa, kama hakuna mbuzi, kama hakuna mlevi aliyelala na kichwa juu ya chuma. Na walikuwako.

Asubuhi njia zile zilikuwa kama kijiji. Wamama wa usafi walipanda na ndoo na mifagio. Mafundi walipita chini na nyundo ya mpini mrefu, wakigonga gurudumu moja moja na kusikiliza: gurudumu zima linalia kama kengele, gurudumu lililopasuka linatoa sauti ya chungu kibovu. Wengine walitia mafuta, walibadilisha viatu vya freni vilivyolika, walijaza maji, walijaribu taa. Vitu vilivyosahauliwa vililetwa kwa kapita naye akaviandika katika daftari: kiatu kimoja, sufuria, Biblia, kitenge, siku moja kuku hai aliyefungwa miguu. Yule kuku tulimlisha mchele siku nne mpaka mwenyewe akaja.

Freni inayoachia yenyewe

Sasa niwaeleze jambo ambalo hata wasafiri wa siku zote hawalijui. Freni za treni zinatumia hewa inayopita katika mipira, toka lokomotive mpaka behewa la mwisho. Ukikata lokomotive, freni zinashika. Mtu mgeni anaona mabehewa yamesimama imara, anasema yametulia. Lakini hewa inavuja. Saa moja, saa tatu, saa sita, kidogo kidogo, mpaka freni zinaachia zenyewe bila mtu kugusa kitu. Behewa ambalo saa mbili ya jioni halikusukumika hata na watu ishirini, saa kumi ya usiku linaweza kuondoka kwa mteremko ambao jicho halioni.

Kwa sababu hiyo kuna freni ya mkono: gurudumu dogo la chuma kwenye mlango wa mwisho wa behewa. Unalizungusha mpaka mikono inakataa. Kapita alitaka freni za mkono nne kwa mabehewa manane, pamoja na kabari mbili za mbao chini ya magurudumu. Baadaye unapita ndani ya kila behewa, unafungua kila choo, unaita mara tatu. Mwisho unaandika kwenye karatasi: nambari za mabehewa, freni zilizofungwa, na neno moja, « tupu ». Unatia sahihi.

Usiku wa mvua

Ilikuwa mwaka 1979. Treni ilifika karibu saa tano ya usiku, na mvua ilikuwa inamwagika namna mvua ya Tanganyika inavyomwagika, kama mtu anageuza pipa. Nilikuwa nimelowa tangu jioni. Njaa ilinishika. Mwenzangu alikuwa mgonjwa, nilikuwa peke yangu na dereva wa mashini.

Tulisukuma mabehewa mpaka njia ya mwisho. Dereva akakata, akaenda. Nikafunga freni ya kwanza. Nikafunga ya pili. Kwenda behewa la tano kulikuwa kushuka kwenye matope, kutembea, kupanda tena. Nikajiambia mbili zinatosha kwa usiku mmoja. Nikatupa kabari moja. Nikafungua mlango wa behewa la kwanza, nikapiga kelele: « Iko mutu? » Mvua ikanijibu. Sikuingia. Nikaandika chini ya koti langu: freni 4, kabari 2, tupu. Nikatia sahihi, nikaenda kula.

Asubuhi, kabla jua halijatoka vizuri, walinigongea. Mabehewa yalikuwa yametembea kama mita sitini, yakagonga lundo la udongo na magogo mwishoni mwa njia. Behewa lililokuwa mbele liliruka nje ya reli kwa magurudumu yake ya kwanza. Na ndani ya behewa lile mlikuwa na mama mmoja na watoto wawili. Alitoka Nyunzu. Kaka yake aliyepaswa kumpokea hakuja, mvua ilikuwa kali, hakujua mtu mjini. Akabaki kwenye benchi na watoto wake, wakalala. Mtoto mkubwa alipasuka paji la uso kwenye ukingo wa kiti. Damu ilikuwa imekauka kwenye nguo ya mama yake.

Kapita alikuwa amesimama pale na karatasi yangu mkononi.

— Mushi, ulifunga freni ngapi?

— Ine, Kapita.

Hakusema kitu. Alinishika mkono kama mtu anayemuongoza kipofu, akanipeleka behewa la tano. Akaweka kidole kimoja juu ya gurudumu la freni, kidole kimoja tu, likazunguka bure. Tukaenda la saba. Vile vile. Kisha akanionyesha neno la mwisho kwenye karatasi.

— Na huyu mama, ulimuandika wapi?

Sikuwa na jibu. Sasa nina karibu miaka 70, na bado sina.

Nilisimamishwa siku 15 bila mshahara. Ilikuwa haki, tena ilikuwa huruma. Lile lundo la udongo lisingekuwako, mbele kulikuwa na njia ya kupita watu, na saa ile wamama wa soko walikuwa wameanza kupita na mabeseni ya ndagala kichwani.

Kapita alimchukua yule mama nyumbani kwake, akakaa siku sita mpaka kaka yake akapatikana. Siku ya tatu nilikwenda kumuona. Nilikuwa nimebeba sukari na sabuni, na maneno mengi niliyoyapanga njiani. Nilipofika, yakanitoroka yote. Nikasema tu:

— Mama, unisamehe. Ni mimi.

Akaniangalia, akamvuta mtoto karibu naye.

— Papa, mimi nililala mule juu fasi ilikuwa kavu. Sikujua kama treni tupu inatembeaka.

Hakuongeza neno. Alipokea sabuni, akairudisha sukari. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa msamaha.

Inaandikwaka na miguu

Niliporudi kazini kapita hakunifukuza kwenye njia za pembeni. Alinirudisha pale pale, na kila usiku kwa mwezi mzima alitembea nyuma yangu. Hakunisaidia. Alitembea tu. Behewa kwa behewa, choo kwa choo, mkono juu ya kila gurudumu la freni. Nilipotaka kuandika nikiwa bado nimesimama chini, alinizuia.

— Tupu haiandikwake na macho. Inaandikwaka na miguu.

Toka siku ile nilitembea. Na sasa niliona kile ambacho kilikuwako siku zote. Treni tupu ni mara chache sana inakuwa tupu. Kulikuwa na mwanafunzi asiye na nauli ya kulala mjini. Kulikuwa na askari mlevi. Kulikuwa na mzee kiziwi ambaye hakusikia kwamba tumefika. Usiku mmoja nilimkuta mtoto wa miaka kama mitano, peke yake, amelala chini ya benchi na amekumbatia mfuko wa unga. Mama yake alikuwa analia kituoni akidhani ameibwa. Ningeita mlangoni tu, yule mtoto asingejibu. Alikuwa amelala.

Mambo haya si ya Kalemie peke yake. Tarehe 24 Juni 2002, Tanzania, kwenye reli ile inayotoka Dar es Salaam kuja kwa jirani zetu wa Kigoma, treni ya abiria ilishindwa mlima karibu na Igandu, mkoa wa Dodoma. Ikarudi nyuma yenyewe, ikaongeza mwendo, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Na tarehe 6 Julai 2013 huko Lac-Mégantic, katika Québec ya Kanada, nchi yenye vyombo vyote vya kisasa, treni yenye matangi 72 ya mafuta iliachwa usiku kwenye mteremko bila mtu. Freni za mkono zilizofungwa zilikuwa 7. Mashini iliyokuwa inalinda hewa ikazimwa. Hewa ikavuja. Treni ikashuka zaidi ya kilomita 10 mpaka katikati ya mji, ikawaka. Watu 47 walikufa. Mjukuu wangu alinisomea habari hiyo. Nilimuomba arudie ile namba ya freni, kisha nikatoka nje.

Jiwe la Miti

Vita ya 1998 ilikata reli yetu. Mabehewa yakabaki yamelala mahali tulipoyalaza. Mwaka 2004 watu wa Kindu walishangilia kuona treni imefika tena kwao, nasi tuliokuwa mbali tulishangilia kwa redio. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kurudi Miti, kulima maharagwe na kuangalia ndizi zangu. Kapita alikuwa amekwisha kuzikwa. Wale vijana niliowafundisha kushika taa walitawanyika, mmoja mgodini, mwingine kwenye mitumbwi ya uvuvi.

Watu wanalilia reli kwa ajili ya bei ya unga na mafuta, nao wana haki. Mimi nalilia pia kitu kidogo ambacho hakionekani. Chuma kinaweza kununuliwa na kutandikwa tena. Lakini mtu anayejua kwamba hewa inavuja usiku, anayepanda behewa la nane katika mvua wakati hakuna anayemuona, huyo hanunuliwi. Anafundishwa na mwingine aliyetembea nyuma yake mwezi mzima. Ukikata kazi miaka 10 au 20, unakata na mnyororo huo.

Nilipomaliza kuwahadithia vijana pale njia panda, hawakucheka tena. Yule konvoyeri alikaa kimya, kisha akaanza na maswali yake: na jiwe, Muzee, jiwe halitoshi? Nikamwambia jiwe ni kabari moja. Freni ya mkono iko wapi? Akasema imekufa siku nyingi. Basi, nikamwambia, itengenezwe. Na mpaka itengenezwe, weka mawe mawili makubwa, geuza matairi kwenye ukingo wa barabara, na kabla ya kufunga mlango, panda ndani mpaka kiti cha nyuma.

Jioni moja juma lililopita nilipita pale tena. Basi ilikuwa imesimama mahali pake kwenye mteremko. Mawe yalikuwa mawili. Kijana alitoka ndani na taa ya simu mkononi, akaniona.

— Muzee, iko tupu.

— Ulifika mpaka nyuma?

— Ee. Nilifika.